Goti Langu na Wakili Tuliyemficha

Kama umevunjika mguu na kesi yako iko mikononi mwa wakili asiyejibu, kaa karibu yangu kidogo. Sitakufundisha sheria, maana siijui, wala sitakueleza mfupa unaungana vipi, maana hata madaktari walionieleza sikuwaelewa. Nitakuambia yaliyonipata mimi, mwanamke wa Buyenzi niliyekuwa nauza mafuta ya mawese, katika miaka ile ya vita na embago, yaani vikwazo vya nchi jirani, Bujumbura ilipokosa dawa na petroli kwa pamoja. Sasa natembea. Nalisema hili mapema ili usome bila hofu.

Wengi wakiona kovu langu hudhani nilipigwa risasi. Kuna wakati nilitamani iwe hivyo, kwa sababu aliyepigwa risasi alihurumiwa bila kuulizwa maswali. Mimi niligongwa na lori. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini, limekuja kushusha magunia ya sukari karibu na soko letu. Milio ya risasi ikasikika upande wa kaskazini, kule Kinama na Carama, na sisi wauzaji hata hatukuinua vichwa, tulishazoea. Dereva hakuwa amezoea. Alirudisha gari nyuma kwa kasi bila kutazama, akanibana mguu kati ya chuma cha lori na ukuta wa duka. Mawese yangu yote yakamwagika, na wanawake waliokimbilia kuniokoa walipiga mayowe wakidhani ule wekundu wote ni damu. Nilicheka. Nilitaka kuwaambia ni mafuta, halafu nikazimia.

Mfupa wa paja ulivunjika juu kidogo ya goti. Hospitalini walinipitisha chuma chini ya goti, wakafunga kamba, wakaning'iniza mfuko wa mchanga mwishoni mwa kitanda ili mguu uvutwe. Hivyo ndivyo nilivyomaliza masika, nimelala chali, nikihadithiwa habari za mtaani na wageni waliokuwa na macho kwenye saa. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje jioni, basi wagonjwa wote tuliagwa mapema, na baada ya hapo wodi ilibaki na mvua juu ya mabati. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni, mama mmoja mvuvi kutoka Ruziba, alinifundisha kunywa uji kwa mrija wa kalamu bila kujimwagia. Nilimpenda kwa hilo peke yake.

Kisha ikaja plasta, kutoka nyonga mpaka vidoleni, nayo ikanikuta wakati wa kiangazi. Usiombe. Mume wangu Issa, fundi wa baiskeli, aliniletea spoku ya gurudumu aliyoinyoosha na kuiviringisha pamba nchani, nikawa najikunia ndani ya plasta huku machozi ya raha yananitoka. Siku walipoikata, niliona mguu nisioujua. Ulikuwa mwembamba, mweupe wa magamba, umeota vinyweleo, na harufu yake niliionea haya. Nikauambia ujikunje. Haukujikunja hata kidogo.

Sasa nikueleze habari za wakili.

Miaka miwili kabla ya ajali, mitaa ya mji huu ilipokuwa inafukuzana, kijana mmoja mwanasheria, Fulgence, alijikuta upande usio wake. Issa alimwingiza kwetu, tukamficha katika chumba cha nyuma nilichowekea mapipa ya mawese. Alikaa humo mpaka barabara zikafunguka. Hatukumwambia mtu wakati ule na hatukumwambia mtu baadaye. Jambo kama hilo kwetu halisemwi. Ukilitaja mbele ya uliyemwokoa, ni kama unamwonyesha mkono ulio wazi.

Fulgence aliposikia nimegongwa alikuja hospitalini na suti yake nyeusi, akalia mbele ya wodi nzima. Kampuni ya bima ya lile lori, asiransi kama tunavyoiita, ilikuwa imeshaanza kusema kwamba dereva alikimbia milio, kwa hiyo ile ni habari ya vita, na vita hailipiwi.

"Mama Shabani, hii kesi ni yangu," alisema. Shabani ni mwanangu wa kwanza. "Mi sitaki mutu anitajie malipo. Vita haikurudisha lori nyuma, ni dereva. Nitawaonyesha."

Nikamshukuru. Akainama karibu na sikio langu.

"Tribunal itachagua dokta wa kupima huo mguu. Mupaka siku ile, usitembee mbele ya watu. Mutu wa asiransi akikuona unatembea, tumekwisha. We lala tu. Mi nitakuja kukuambia tarehe."

Akaondoka, na hakuja tena.

Mwanzoni hatukuona neno. Mahakama zenyewe zilikuwa zinafunguliwa siku hii na kufungwa siku ile. Nilirudi nyumbani, nikalala kama nilivyoagizwa. Jirani akibisha hodi, nilijitupa kitandani hata kama nilikuwa nimekaa. Nilikuwa mgonjwa mwenye bidii sana. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na nani anachuchumaa na mguu ulionyooka kama mwiko? Issa alitoboa kiti cha zamani, na wanangu wakakiita kiti cha rais. Kusali nilisali juu ya stuli, nikiwatazama wenzangu wanavyosujudu, na wivu ulinipanda hata kwenye sala.

Aliyenitisha ni Godelieve, mwanamke wa kunyoosha viungo pale hospitalini, kine tunamwita. Nilimwendea kwa sababu ya maumivu ya mgongo, kumbe yeye aliangalia goti. Alilishika kwa mikono miwili kama anayepima embe, akajaribu kulikunja, akaacha.

"Mama, unafanyaga mazoezi?"

"Wakili alinikataza."

"Wakili?" Akanitazama vizuri. "Sikiliza. Hili goti linashikana ndani. Likikaa hivi mupaka mvua zirudi, hakuna mutu atalikunja tena, hata mi, hata dokta. Utazikwa nalo limenyooka."

Kiangazi kilikuwa kimebaki nusu. Nilikaa kwenye benchi la kusubiria nje ya chumba chake, magongo miguuni, nikaona mambo mawili hayawezi kwenda pamoja. Nikingoja daktari wa mahakama, nitakosa goti. Nikilitibu goti, nitakosa kesi, na kesi ndiyo ingenirudisha sokoni, maana mapipa yangu yalikuwa matupu. Basi nikaamua kumtafuta Fulgence anipe tarehe, anipe ruhusa, anipe chochote.

Nilipiga simu kutoka kwenye kibanda cha simu, ikaita mpaka mwenye kibanda akanionea huruma. Nikaenda Rohero, ofisini kwake, ghorofa ya pili. Ngazi nilizipanda kwa makalio, kinyumenyume, magongo nimeyashika mapajani, na wenye tai wakaniruka. Juu kulikuwa na chumba cha kungojea chenye viti vya velveti na kalenda ya mwaka uliopita. Nimeshangoja katika vyumba vingi, lakini hospitalini wagonjwa tunaulizana, tunagawana ndizi. Kwa wakili kila mtu anatazama viatu vyake.

"Maître iko mu audience," alisema karani wake, msichana mwenye kucha nzuri, maana yake wakili yuko mahakamani.

"Nitamngoja."

"Akitoka audience hatapita hapa, mama. Urudi Jumatatu."

Nikarudi Jumatatu. Maître alikuwa amesafiri. Nikarudi wiki nyingine, na safari hiyo, nikiwa bado katikati ya ngazi, nilisikia sauti yake mwenyewe juu, anacheka na mtu. Nilipofika, mlango wake umefungwa na yule msichana ananiambia hayupo. Hakuniangalia usoni wakati anasema, na nilijua hata yeye anaona aibu. Niliteremka nikiwa na hasira kiasi kwamba sikuhisi ngazi.

Nyumbani nilimwambia Issa aende yeye, mwanaume kwa mwanaume, amwulize. Issa alikuwa anaziba tairi. Hakuinua kichwa.

"Apana."

"Kwa nini apana?"

"Yule mutu tulimuficha, Mama Shabani. Nikienda kumugongea mlango, atafikiri namudai. Mi siwezi."

"Basi tumchukue wakili mwingine."

"Itakuwa kumutukana. Tungoje."

"Goti halingoji."

"Tungoje," akasema tena, akatumbukiza tairi ndani ya maji kutafuta tundu.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipopata ugonjwa. Issa alikuwa mume mwema, alinifulia, alinibeba, alivumilia kiti cha rais. Lakini jina la Fulgence likitajwa, alikuwa anatoka nje. Nilimwona mwoga. Nilimwambia hivyo, mbele ya watoto, na wiki nzima tukala bila kuzungumza. Wema wetu ulikuwa umetufunga midomo, na nilijiona mjinga kuliko watu wote wa Buyenzi.

Nilianza mazoezi bila kumwambia. Godelieve alinikalisha ukingoni mwa meza, mguu ukining'inia, akavuta pazia kwa ajili ya mtu wa asiransi ambaye sijamwona mpaka leo. Akasukuma. Ndugu yangu, sitakudanganya: uchungu wa uzazi una mapumziko, huu hauna. Yeye Mkatoliki, alikuwa anaimba nyimbo za kanisani ili wagonjwa wa nje wasisikie kilio changu, nami nikawa naita majina yote ya Mwenyezi Mungu ninayoyajua. Dawa ya maumivu hakukuwa nayo, embago ilikuwa imeimaliza. Alikuwa na maji ya moto, taulo, na mikono yake. Siku goti lilipokubali kidogo, kidogo kabisa, kiasi cha kisigino kuingia chini ya meza, alinipiga kofi la mgongo kama mimi ni ndama aliyesimama mara ya kwanza.

Nyumbani nilizoea kutembea uani kwa kushika kamba ya nguo. Issa akanikuta. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga geti.

"Umetuvunjia kesi," alisema.

"Hiyo kesi ilikuwa inanivunja mguu mara ya pili."

Alikuja akasimama upande wangu mwingine, tukazunguka uwanja pamoja, mimi nimeshika kamba na bega lake. Mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yanakusanyika juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nilijua nitakwenda kwa Fulgence, na safari hii si ofisini.

Nilimwendea Jumapili, nyumbani kwake, saa ambayo watu wametoka misani. Teksi iliniacha kwenye lami, nikatembea kipande kilichobaki kwa gongo moja, hadharani, mguu ukijikunja kwa kadiri yake. Kama mtu wa asiransi alikuwepo, aliona vizuri. Mke wa Fulgence alinifungulia na kunikaribisha kwa heshima zote. Fulgence alitoka chumbani, akaniona nimesimama sebuleni kwake, akashika mlango.

"Unatembea," alisema.

"Natembea. Kaa chini, shemeji."

Nilikuwa nimepanga kumtukana, kusema kweli. Njiani nilikuwa nimetafuta maneno makali. Lakini alikuwa amekonda. Kikanitoka kitu kingine, kile kisichosemwa.

"Fulgence, ile siku tulikufungulia mlango, hatukukuuzia kitu. Haukuwa mukopo. Kama kesi ni nzito kwako, sema tu. Mi nimekuja kukufungua. Nirudishie dossier yangu, yale makaratasi ya kesi, tubaki watu."

Alikaa. Mkewe alitaka kutoka, akamshika asitoke.

"Kesi ilishaitwa," alisema. "Mara mbili. Sikuenda. Wameiweka pembeni. Si kwamba nilisahau, Mama Shabani. Kila nikifungua ile dossier nasikia harufu ya mawese. Narudi mu kile chumba. Namusikia mudogo wangu ku barabara ananiita jina, na mi ninanyamaza."

Nami nilikuwa nimemsikia yule kijana. Alipita mbele ya nyumba yetu siku ile anaita Fulgence, Fulgence, na waliokuwa wakimfuata hawakuwa mbali. Ndani ya chumba, Issa alikuwa amemziba Fulgence mdomo kwa kiganja. Kama angeitika, tungekufa wote, watoto wangu pamoja. Kijana akapita, na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyelitamka.

Nilielewa hapo kwamba wakili wangu hakuwa na kiburi, na mume wangu hakuwa mwoga. Kila mmoja alikuwa anaukwepa uso wa mwenziwe, na goti langu limekaa katikati. Nilimwambia Fulgence kwamba tangu ajali sijapita mbele ya lile duka, nazunguka mtaa mzima hata kwa magongo. Akacheka na kulia pamoja. Mkewe, ambaye alikuwa anasikia habari ya yule kijana, shemeji yake, kwa mara ya kwanza, alituletea chai, akakaa karibu naye.

Nilipomsimulia Issa, alinawa mikono yake yenye grisi kwa muda mrefu. Kisha akavaa kanzu safi, akatoka bila kuniambia anakokwenda. Alirudi karibu na saa ya kufunga barabara, macho mekundu, akala chakula kingi. Walichoongea sijui, sikuuliza. Ninachojua ni kwamba Idd iliyofuata Fulgence alikuja kwetu na mkewe. Alisimama kidogo nje ya geti, Issa akatoka kumshika mkono, wakaingia.

Kesi aliikabidhi kwa mwenzake, Maître Consolata, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na ofisi yake, Mungu ambariki, iko chini kabisa, hakuna ngazi. Yeye alijibu simu. Mara nyingine hakuwa na habari yoyote, akapiga kuniambia kwamba hakuna habari, na hujui jambo hilo linavyoponya mpaka umenyimwa. Kwa hiyo nakushauri wewe uliyefikwa: wakili akinyamaza, mwendee mapema, mwulize kinachomfunga, na kama hawezi, mwachie aende. Na wakili akikukataza kutembea, mwulize kwanza anayejua magoti.

Kesi ikarudishwa, na hukumu ilipotoka ilisema ni ajali, si vita. Tulishinda. Ila tulipewa kidogo kuliko tulivyotarajia, na aliyepunguza ni mimi mwenyewe. Nikusimulie ilivyokuwa.

Mvua zilikuwa zimeshapita na kurudi tena siku daktari wa mahakama aliponiita. Barazani, tukingoja, Maître Consolata aliniegemea.

"Mama, atakuambia ukunje goti. Pale utasikia maumivu, simama. Hakuna mutu ndani ya mwili wako, hakuna mutu atakubishia. Unanielewa?"

Nilimwelewa sana. Kadiri goti linavyokunjika kidogo ndivyo fidia inavyokua. Nilimtazama Issa. Alitazama dari.

Daktari alikuwa mzee mpole. Alinilaza juu ya kitanda cha ngozi, akaweka pembeni ya goti langu kipimo cha plastiki kama kile cha watoto wa shule, akaniambia nianze. Nikaanza. Maumivu yalikuja mapema, yale yale niliyoyazoea, na nilijua hapo ndipo mahali pa kusimama. Ningeweza kusimama kwa ukweli kabisa, bila uongo hata mmoja. Daktari aliona uso wangu, akainua kalamu.

"Basi, mama? Ni hapo?"

Nilifikiri juu ya Godelieve anayeimba nyuma ya pazia. Nikakishika kifundo changu kwa mikono miwili, nikavuta kisigino.

"Apana, dokta," nikamwambia. "Usiandike kwanza. Bado liko linakuja."